Chumbageni Familia: Idrisa na Moto wa Tianjin

*Jumatano, 12 Agosti 2015*

20:41 Zuhura: Jamani nani ameongea na Idrisa leo? Naomba jibu sasa hivi, si kesho

20:43 Zuhura: Kuna mlipuko China, Tianjin, bandarini. Video zimejaa kila mahali. Moto umepanda juu kuliko maghorofa

20:44 Zuhura: Kassim. Kassim pokea simu ya dada yako

20:58 Saidi: Si anasoma mjini? Bandari na chuo chao ni mbali, kama Tanga na Muheza hivi

20:59 Zuhura: Likizo hii yuko kwa rafiki yake huko huko Tanggu, karibu na bandari. Alituambia siku ya Idi, wewe ulikuwa unakula

21:00 Saidi: Siku ya Idi nani alikuwa hali dada

21:00 Rehema: 😂

21:01 Zuhura: Rehema badala ya kucheka mtafute kwenye WeChat, nyie ndio mnaojua mambo hayo

21:03 Rehema: Samahani mama mkubwa. Nimemtumia, hajafungua

21:20 Mjomba Hamisi: Assalaam alaykum. Ilikuwa saa ngapi?

21:22 Zuhura: Waalaykum salaam, shikamoo Mjomba. Kwao saa 5 na dakika 34 usiku. Kwetu saa 12 na nusu jioni, watu wanajiandaa na magharibi

21:24 Mjomba Hamisi: Marahaba. Ghala au meli?

21:25 Zuhura: Wanasema ghala la kemikali

21:31 Mjomba Hamisi: Innaa lillahi. Basi zimamoto walishafika kabla halijalipuka.

21:32 Saidi: Mjomba umejuaje?

21:40 Zuhura: Mama asiambiwe mpaka tumpate mtoto. Mariamu umenisikia?

21:52 Mariamu: Shangazi, Bibi amekaa hapa pembeni yangu. Ndiye ananiuliza mbona simu inalia lia

23:47 Idrisa: Mimi mzima. Msimwambie Bibi

23:47 Zuhura: ALHAMDULILLAH

23:48 Rehema: 😭😭😭

23:48 Saidi: Mwanangu!! Deni la jezi nimekusamehe, wallahi

23:49 Halima Maskati: Alhamdulillah. Niko zamu ya usiku, nasoma tu

23:55 Idrisa: Nilikuwa nimelala. Mlipuko wa kwanza ulinitoa kitandani. Dirisha zima likawa rangi ya chungwa, nikataka kwenda kuchungulia. Nikainama kutafuta kandambili. Hazikufika sekunde 40, wa pili ukaja. Vioo vyote vilipita juu ya mgongo wangu vikaingia kwenye godoro. Ningekuwa nimesimama sijui

23:57 Idrisa: Tumeshuka ngazi ghorofa 17, lifti mlango umejikunja kama bati. Kuna bibi wa Kichina jirani yetu tulimbeba na kiti chake. Nina mikwaruzo ya mikono tu. Tuko uwanja wa shule, wamegawa maji na mablanketi. Chaji asilimia 4

23:58 Zuhura: Usikae karibu na huo moshi. Utarudi nyumbani. Nashughulikia

*Alhamisi, 13 Agosti 2015*

06:10 Zuhura: Habari za asubuhi familia. Mchango wa tiketi ya Idrisa. Nimeulizia, inafika milioni 1 na laki 8. Mwisho Jumapili. Tumeni kwenye M-Pesa yangu
1. Zuhura 300,000 ✅
2. Kassim
3. Saidi
4. Halima
5. Mjomba Hamisi

06:12 Zuhura: Kila mtu ajaze mbele ya jina lake. Msinijibu kwa vidole gumba

07:30 Saidi: 👍

12:15 Zuhura: Mpaka saa hizi ni mimi peke yangu. Waliokufa wamefika 44, zimamoto 12. Nyie mnasubiri nini?

12:40 Saidi: Dada mimi mwisho wa mwezi. Halafu umeona yale magari ya pale bandarini? Mapya kabisa, hayajavuliwa hata plastiki ya viti, uwanja mzima yamebaki mabati. Na mimi hapa napanda daladala ya Pongwe nimesimama

12:41 Rehema: Mjomba Saidi 😂 ungepewa moja ungelitia mafuta na nini

12:43 Saidi: Ningelilaza nje nilitazame tu

12:44 Zuhura: SAIDI

13:02 Mjomba Hamisi: Saidi uliniuliza nimejuaje. Karani wa bandari miaka 26 hawezi kutojua. Kontena la hatari lina kibandiko cha umbo la almasi ubavuni, rangi na namba. Namba 3 linawaka, namba 5 linaulisha moto, namba 6 ni sumu. Na vyote hivyo vimeandikwa kwenye karatasi ya shehena. Zimamoto akifika, cha kwanza aombe ile karatasi. Asipoipata anapigana na kitu asichokijua. Kuna vitu havitaki maji. Lile jiwe la mafundi wa kuchomelea, ukilimwagia maji linatoa gesi inayowaka. Moto ulianza karibu robo tatu ya saa kabla ya mlipuko. Kwa hiyo wale vijana walikuwa juu yake, na mipira ya maji mkononi.

13:05 Mariamu: Bibi ameniambia nimsomee hii mara mbili

*Ijumaa, 14 Agosti 2015*

09:18 Idrisa: Nimepata chaja. Wamemtoa zimamoto mmoja hai, miaka 19. Hapa kila mtu anamzungumzia yeye. Ni mdogo kuliko mimi

09:20 Zuhura: Wewe njoo nyumbani. Pasi yako unayo?

11:02 Idrisa: Imebaki kule ghorofani shangazi. Haturuhusiwi kupanda

*Jumapili, 16 Agosti 2015*

08:00 Zuhura: Leo ndiyo mwisho. Halima hujajaza

10:26 Halima Maskati: Dada Zuhura nimenyamaza siku tatu sikutaka maneno. Nampenda Idrisa kama nilivyomzaa. Lakini ile michungwa ya Muheza iliuzwa kwa ajili ya nani? Na Rehema aliambiwa nini siku ile pale barazani? Leo tena orodha, na jina langu ndio la kuulizwa

10:27 Rehema: Mama tafadhali

10:30 Zuhura: Halima hayo tulishayamaliza mbele ya Mama

10:31 Halima Maskati: Mliyamaliza nyie. Mimi nilikuwa kwenye ndege

10:33 Saidi: Michungwa yenyewe ilikuwa na wadudu

10:33 Halima Maskati: Saidi usinichekeshe, nimekasirika

10:50 Zuhura: Waliokufa sasa 112, na waliopotea bado wengi. Wanahamisha watu kilomita 3 kuzunguka pale kwa ajili ya sumu, sayanidi. Tunabishana machungwa!

11:15 Idrisa: Shangazi Halima una haki. Mimi sijaomba tiketi

11:16 Zuhura: Hukuomba lakini utapanda

11:40 Idrisa: Tumehamishiwa chuoni mjini, hakuna moshi huku. Niwaambie kitu kimoja kinanikosesha usingizi. Jana palikuwa na wazazi nje ya pale wanapofanyia mkutano wa waandishi. Watoto wao ni zimamoto wa bandari, wameajiriwa na bandari si serikali. Zikitajwa hesabu za zimamoto wao hawamo. Mama mmoja ameshika picha ya mwanawe, amevaa ile nguo ya kazi, kofia kubwa imemfunika mpaka nyusi. Anauliza tu kila anayepita, mwanangu yuko orodha gani

11:41 Rehema: Ya Rabbi

12:30 Mariamu: Bibi anasema niandike kama alivyosema, nisiongeze wala nisipunguze:

12:38 Mariamu: “Zuhura, weka chini hiyo orodha. Baba yenu waligonga mlango usiku wakamwambia njoo bandarini, hawakumwambia kuna nini. Aliacha uji kwenye kibakuli. Nilikaa siku 9 naulizia jina lake, wakaniambia kibarua haandikwi. Huyo mama wa picha mimi namjua. Leo baada ya laasiri tunawasomea dua wale vijana, wote, walioandikwa na wasioandikwa. Idrisa asiitwe wala asizuiwe. Aulizwe. Na Halima nina neno naye, nitampigia mwenyewe.”

12:39 Mariamu: Mwisho wa maneno ya Bibi

14:55 Mjomba Hamisi: Dada amesema. Nakuja.

15:10 Saidi: Naja na tende

15:12 Zuhura: Sawa Mama

15:40 Halima Maskati: Amenipigia. Nalia tu hapa

*Jumanne, 18 Agosti 2015*

16:05 Idrisa: Mvua imenyesha leo. Rafiki yangu aliyerudi kule anasema barabarani kulitokea povu jeupe, watu wameziba midomo wanaruka juu juu. Kwenye jengo letu wamechora alama nyekundu

16:20 Zuhura: Na jibu lako?

*Jumamosi, 6 Februari 2016*

19:30 Idrisa: Shikamooni. Ripoti ya serikali imetoka. Mjomba nilikuahidi

19:34 Idrisa: Ni nitroselulosi, kemikali inayowaka upesi. Ilitakiwa ikae na unyevu ndani ya kontena, ikakauka kwa joto la Agosti, ikajiwasha yenyewe. Moto ukafika kwenye amonia nitrati, ile ya mbolea, tani kama 800. Sayanidi ilikuwepo karibu tani 700. Na sheria ya China yenyewe inataka ghala kama lile liwe kilomita 1 kutoka kwenye makazi. Kuna nyumba mita 600. Sisi tulikuwa nyuma yake kidogo

19:36 Idrisa: Waliokufa 165, ambao hawajaonekana mpaka leo 8. Majeruhi 798. Katika wale 165 zimamoto ni 99. Wa serikali 24, wa bandari 75. Na kati ya wale 8, watano ni wa bandari. Wote wamo kwenye hesabu. Mwambieni Bibi

19:52 Mjomba Hamisi: Kitu cha kukaa na unyevu hakiwekwi juani na vifungashio vibovu. Na mbolea ile haikai jirani na kinachowaka. Hayo tulifundishwa wiki ya kwanza, na aliyetufundisha alikuwa na darasa la saba. Vijana 75 walikimbilia kwenye moto bila kuambiwa kilichomo.

20:10 Mariamu: Nimemsomea. Ameniambia nirudie pale pa 75

20:11 Mariamu: Hajasema kitu. Ameomba tasbihi yake

20:40 Zuhura: Mwenyezi Mungu awarehemu. Sasa na mimi nimalizie langu. Ule mchango bado ninao, 740,000. Idrisa hujasema unarudi au unamaliza chuo. Kama ni tiketi tuongeze, kama si tiketi Halima anasema ziende kwa Rehema chuo cha ufundi, na mimi sikatai. Jumapili saa 10 jioni kwa Mama

20:41 Rehema: Mama mkubwa ni kweli?

20:42 Saidi: Laki moja na nusu yangu imo humo, isisahaulike kutajwa

20:43 Zuhura: Ulitoa elfu 40 Saidi

20:44 Saidi: Na tende

20:58 Idrisa: Shangazi, mpeni Rehema. Au nipeni mpaka baada ya mtihani, sijui. Usiku bado nalala na viatu

20:59 Zuhura: Hapo umejibu au hujajibu?

21:15 Halima Maskati: Muache Zuhura

22:37 Kassim: Ndio naona sasa hivi, simu ilikuwa kwa fundi. Jumapili ipi?