Rufaa ya mkulima NAD (kitengo cha rufaa cha wizara ya kilimo, Marekani) huchukua siku ngapi?

Mgunda
Wakuu, mkulima akikataliwa mkopo wa msimu na FSA (shirika la wizara hiyo linalokopesha wakulima) huku muda wa kupanda unakaribia, aende NAD moja kwa moja au aanze na usuluhishi? Na kisheria jibu linatakiwa lipatikane lini?

JembeButu
Siku 30 za kukata rufaa zinahesabiwa kuanzia barua ya kukataliwa inapopokelewa, siyo tarehe iliyochapwa juu yake, kwa hiyo bahasha isitupwe. Rufaa iwe na sahihi ya mkulima mwenyewe (ya wakili peke yake haitoshi), nakala ya uamuzi unaopingwa, na maelezo mafupi ya kosa liko wapi. Nakala nyingine apelekewe aliyekataa.

NAD wakishapokea, kikao kifanyike ndani ya siku 45. Baada ya kikao jalada kwa kawaida huachwa wazi siku 10 kwa nyongeza za ushahidi, kisha ofisa ana siku 30 za kuandika uamuzi. Jumla 85. Ukiomba wapitie makaratasi tu bila kikao ni siku 45, lakini kwa mkopo singeshauri: mzigo wa kuthibitisha ni wa mkulima, na makadirio ya mavuno na madeni yanahitaji mtu wa kuyafafanua.

Kitalu7
Kuhusu usuluhishi: unasimamisha hesabu ya siku, hauianzishi upya. Ukiomba siku ya 25 na msielewane, zimebaki 5. Hapo ndipo rufaa nyingi nzuri zinapokufa. Kama uamuzi ni wa mfanyakazi wa kamati ya kaunti ya FSA, mfano ruzuku, pitia kamati kwanza, la sivyo NAD hawaipokei.

Halafu kuna hili la ofisi kukaa kimya. Kutokujibu nako kunakatiwa rufaa, siku 30 tangu ulipojua, au ulipopaswa kujua, kwamba muda wao umepita. Watu wanangoja barua ambayo haiji mpaka dirisha linafungwa.

Mgunda
Asanteni. Na akishinda, hela inatoka lini?

JembeButu
Taratibu kwanza. Mkuu wa shirika (FSA) ana siku 15 za kazi kuomba Mkurugenzi wa NAD apitie uamuzi, naye Mkurugenzi ana 10 za kazi kujibu. (Akishindwa mkulima, yeye ana siku 30 za kuomba, na Mkurugenzi 30 za kazi.) Uamuzi ukiwa wa mwisho, shirika litekeleze ndani ya siku 30. Ila kwa mkopo, kutekeleza mara nyingi ni faili kurudi mezani pale lilipokwamia, na wanaweza kudai hesabu mpya za fedha. Ziandae mapema. Msimu huo, kusema kweli, tafuta mtaji kwingine.

Kitalu7
Nyongeza: hoja ya ubaguzi haiamuliwi NAD. Inakwenda ofisi ya haki za kiraia ya wizara, ndani ya siku 180. Huko ndiko kitengo cha uchunguzi kilivunjwa 1983 na mafaili yakalala, mpaka wakulima weusi wakashtaki katika kesi ya Pigford, suluhu ikaidhinishwa na mahakama 1999. Mwenye hoja zote mbili aandike barua mbili, kila moja na tarehe zake.