Harusi ya Hashimu – Kiumeni

[07:12] Dada Zuhura: Asalaam alaykum. Suti leo tunamaliza. Punguzo la dukani mwisho Jumamosi. Nani kapima?

[07:40] Dada Zuhura: Mmeona wote, mko kimya.

[08:05] Athumani Fundi: Waalaykum salaam. Dada, wapambe wanunue za dukani. Bwana harusi hapana. Mwili wake unapanda na kushuka, hapa kati kuna Ramadhani nzima, harusi Mfungo Mosi. Suti za bei rahisi ndani hazina akiba. Ukitaka kuongeza unakuta kitambaa kimeishia kwenye mshono.

[08:09] Dada Zuhura: Andika yote basi, nisiulize mara mbili.

[08:21] Athumani Fundi: Kwanza bega. Halinenepi kama tumbo, na likikosewa ni kufumua mikono, kola na bitana. Kiuno cha koti kinarekebishika. Apimwe na shati na viatu vya siku hiyo, akiwa ameshakula.

[08:26] Athumani Fundi: Suruali, mshono wa nyuma naacha inchi 1½ kila upande. Nusu inabaki kushika mshono, kwa hiyo inchi 2 za kuongeza zipo. Kiuno peke yake hakitoshi, paja nalo linajaa, mifuko ya pembeni inaachama. Mshono wa ndani ya paja naacha inchi moja. Kupunguza nako kuna mwisho. Ukizidi inchi 2 mifuko ya nyuma inakaribiana na katikati panavuta.

[08:30] Issa Lindi: Mvalisheni kanzu, kanzu haijui kilo 😂

[08:31] Somoe: 😂😂 na joho juu

[08:33] Dada Zuhura: Kanzu ya nikaha ipo. Suti ni ya usiku ukumbini. Issa, mchango wako haujaingia.

[08:34] Issa Lindi: Utaingia nikiiona chenji ya vitambaa vya sare.

[08:34] Somoe: Msinitie mimi

[08:36] Dada Zuhura: Ile iliisha kwa Bibi.

[08:52] Mama Rukia: Iliisha kwako.

[11:50] Athumani Fundi: Kitambaa cha upana wa mita 1.5, chukueni mita 3.5 za koti na suruali, na mita 1.3 za suruali ya pili. Zikatwe jora moja, majora mawili rangi hupishana. Suruali moja nashona kwa kiuno cha sasa, ya pili napiga bandi tu, yaani mshono wa muda, namalizia baada ya Idi. Sufu nyepesi ya mchanganyiko, siyo polista nzito kwa joto la Mtwara. Bitana mgongoni nusu.

[11:54] Athumani Fundi: Koti la vifungo viwili, safu moja. Akifunga cha juu, mikunjo ikichora X hapo kifungoni, linabana. Msikimbilie kusogeza kifungo, mbele itapinda. Tunaachia mishono ya pembeni.

[13:06] Mjomba Chande: Nimesoma tangu juu. Hashimu ni mpwa wangu, mwili wake hauchezewi humu. Suti atashona Athumani, na apimwe ndani, wawili tu. La sare nitalisikiliza mimi, siyo kwenye simu.

[13:07] Somoe: Shikamoo mjomba. Sawa.

[13:15] Issa Lindi: Shikamoo mjomba. Nisamehe.

[13:40] Mjomba Chande: Marahaba.

[14:02] Dada Zuhura: Tumekusikia mjomba. Sasa mita 3.5 zimo kwenye bajeti. Ile 1.3 nani?

[16:30] Dada Zuhura: Suruali ya pili jamani?

[19:44] Hashimu: Shikamoo mjomba. Ndiyo nashika simu. Athumani, Ijumaa baada ya swala?

[19:51] Athumani Fundi: Ijumaa niko Mikindani. Njoo huko, futi kamba ninayo. Ila bila kitambaa nitapima tu, sikati.

[21:18] Issa Lindi: Suruali ya pili niandikeni nusu.

[21:19] Dada Zuhura: Nusu ya mita au nusu ya pesa?