Hema juu ya milima ya Shela: tukatazwe au tuachwe?

Mleta mada, Langoni

Assalamu alaikum. Jumamosi iliyopita vijana wanne tulitoka Shela, hapa kisiwani Lamu, baada ya magharibi, kila mtu na begi lake, chupa za maji, mikate ya mofa na hema moja la kuazima. Nia yetu ilikuwa kuikata milima ya mchanga kwa miguu kuelekea kijiji cha Kipungani, tulale katikati, alfajiri turudi. Hatukufika mbali. Kwenye tuta la tatu bwana mmoja mwenye kurunzi alitukuta akasema hapa halali mtu, shukeni. Kwa amri ya nani? Hakujibu. Hakuwa askari wala hakuwa na karatasi. Tukashuka.

Nauliza basi: mtu wa kisiwa hiki ana haki ya kulala usiku mmoja juu ya mchanga usio na ukuta, bila kuomba wala kulipa? Mimi nasema anayo, au anastahili kuwa nayo. Katiba ya 2010, ibara ya 62, inaihesabu ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa kuwa ya umma. Sawa, ila ukilala hapo utaamka unaogelea. Tunaougombania ni ule mchanga wa juu.

Wala msidhani ugomvi huu ni wa Lamu tu. Kule Devon, Uingereza, kuna nyanda za juu ziitwazo Dartmoor: vilima vya mawe, nyasi za matope, upepo na ukungu. Kuna sheria ya 1985 inayompa kila mtu ruhusa ya kuingia kwenye malisho ya pamoja ya huko kwa miguu na kwa farasi, ajiburudishe. Wenye ardhi fulani wakaenda kortini wakadai kutembea ni burudani lakini kulala si burudani. Januari 2023 wakashinda. Julai mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikaigeuza hukumu, na Mei 2025 Mahakama ya Juu ikasema kwa kauli moja: aliyepiga hema baada ya kutembea mchana kutwa bado yumo katika burudani ileile. Nani kati yetu aliyelala nje akihesabu nyota atabisha?

Dada wa Shela

Kaka yangu wa Langoni, hadithi nzuri, na huyo mwenye kurunzi simtetei. Lakini mbona hukutaja mlijisaidia wapi?

Usinikasirikie. Nakuuliza kwa sababu ndoo ninayoteka asubuhi imetoka chini ya miguu yako. Mvua ya masika ikinyesha, mchanga wa milima hii unaimeza, maji yanashuka taratibu na kukaa chini, matamu juu ya maji ya bahari yaliyo mazito zaidi. Mji wa Lamu unakunywa kutoka visima vya huku. Hatuna mto wala ziwa. Ukivuta maji kupita kiasi, chumvi inapanda. Ukimwaga uchafu juu, unashuka nao. Vijana wanne usiku mmoja si kitu. Lakini haki haitolewi kwa watu wanne. Ikitangazwa leo kwamba kulala Shela ni bure, Desemba tutakuwa na mahema mangapi, na vyoo vingapi?

Tena kuna kuni. Mliwasha moto? Ule mmea wa mlakasa mnaoukanyaga na vichaka mnavyovunja ndivyo vinavyoushika mchanga usitembee na upepo wa kusi. Mimi hupanda milima hiyo na shangazi zangu, tunakwenda na chupa ya chai, tunakaa mpaka jua lizame, tunarudi. Kwa nini lazima ulale?

Niliyesoma Devon

Nimeishi Plymouth miaka mitatu, na Dartmoor nimelala si mara moja. Mara ya kwanza tulikuwa watano, mimi peke yangu kutoka pwani hii. Nilijiona mwamba kwa sababu nimezoea kutembea mchangani. Wallahi, saa mbili tu nikaelewa. Ardhi ya kule imelowa kama sifongo, udongo mweusi wa majani yaliyooza karne na karne, ukikanyaga pabaya unazama mpaka goti na kiatu kinabaki. Tulipanda High Willhays, mita 621, ndicho kilele kirefu kuliko vyote vya huko. Ukungu ukashuka, sikumwona rafiki yangu aliyekuwa hatua kumi mbele. Tukasimama, tukafungua ramani na dira, tukabishana, mwisho tukapiga hema hapohapo nyuma ya jabali. Usiku kucha mvua. Sijawahi kuchoka vile, na sijawahi kufurahi vile.

Sasa nimjibu dada. Plymouth nayo inakunywa maji ya Dartmoor: kuna bwawa la Burrator, limekuwepo tangu 1898. Watu wanalala nje kwenye nyanda hizohizo, na mji haujakufa. Lakini sifichi kitu, dada ana hoja nzito kuliko anavyodhani. Maji yale hukusanywa bwawani, yakapita mitamboni kabla ya kufika bombani. Huku wengi tuna kisima cha uani na kamba. Na kule masharti ni makali: hema dogo, mbali na barabara na nyumba, usizidi siku mbili mahali pamoja, moto wa kuni hapana, kila ulichobeba unarudi nacho. Tulikuwa na jembe dogo la mkono la kuchimbia choo mbali na vijito. Kwenye mchanga wa Shela jembe hilo lisingesaidia kitu, maana mchanga hauzuii. Hapa ingebidi mtu abebe chombo chenye kifuniko ashuke nacho. Mnacheka? Wapandaji wa milima wanafanya hivyo duniani kote.

Jambo jingine, kwa sababu najua mtu atataja usalama. Tumepitia mengi tangu wageni walipotekwa 2011, na baada ya mashambulizi ya Mpeketoni 2014 tulizoea kufungiwa usiku, hata wavuvi wakazuiwa kuvua. Kaskazini mwa Dartmoor jeshi hufanya mazoezi ya risasi za kweli. Hawakufunga mlima mwaka mzima. Wakitaka kupiga, wanapandisha bendera nyekundu mchana na taa nyekundu usiku, na ratiba inatangazwa mapema. Bendera haipo, unapita. Hiyo ndiyo tofauti kati ya sheria na mtu mwenye kurunzi.

Mzee wa Mkomani

Wanangu, mimi naandika kama nisemavyo. Hiyo milima ya mtanga muionayo kwa mato si mahala patupu. Mwanzo wa karne ya 19 Wapate, watu wa kisiwa cha Pate, na Wamazrui, watawala wa Mombasa, walishuka Shela kuja kuipiga Amu, ndiyo Lamu yetu. Waamu wakawashinda, na hao waliokuja wakakimbilia vyombo vyao, na mai yamekupwa, vyombo vimekaa juu ya mtanga. Walikufa wengi. Wazee wangu wakisema upepo ukivuma sana mifupa ilikuwa yaonekana. Hata ngome yetu pale uwanjani ni tunda la vita hivyo, maana ndipo Waamu walipomwita Sultani wa Omani awalinde.

Basi akilala kijana pale, alale na adabu, si na ngoma. Kumkataza sikumkatazi. Yeo mimi naona nyumba zenye kuta zimepanda kwenye mtanga huohuo, na vyoo vyao havibebwi kwenye chombo chenye kifuniko. Hao nani aliwapigia kurunzi?

Jirani kutoka Malindi

Niwape mfano mfupi. Nyari, kule Marafa, lile korongo la mchanga mwekundu ambalo wazungu wanaliita jiko la jehanamu, wanakijiji wenyewe ndio wanaolisimamia. Unalipa kidogo, unapewa kijana wa kukuongoza, unasimuliwa ile familia tajiri iliyokogea maziwa mpaka ardhi ikawameza. Pesa inabaki kijijini. Mkiacha kila kitu bure, atakayezoa chupa ni nani?

Mleta mada, Langoni

Shikamoo mzee. Hapo kwenye kuta umesema lililonikaa rohoni nikashindwa kuliandika vizuri.

Jirani wa Malindi, kulipa kwa mgeni sina neno. Lakini mtoto wa Lamu kulipia kulala juu ya mchanga unaomnywesha, hilo bado halinishuki. Ukiweka tiketi leo, kesho tiketi itapanda, na watakaokuwa juu ya mlima ni wageni na wenye hoteli tu.

Dada wa Shela, nakiri. Tulijisaidia nyuma ya tuta kama kila mtu, na sikufikiria kisima cha mtu yeyote. Moto tuliwasha pia, mdogo, wa chai. Na umeuliza kwa nini lazima ulale. Kwa sababu saa tisa usiku upepo ukitulia unasikia bahari pande zote mbili za kisiwa, na mchana husikii. Sina hoja nyingine ya kukupa.

Nimebadilika hivi: upande wa visima pafungwe kabisa, kwa hema na kwa nyumba pia, na atakayefunga aseme jina lake na aweke bango. Kule mbali, kuelekea Kipungani, tuachwe tulale, usiku mmoja, bila moto, na chombo mkononi. Wa kukubali akubali, wa kukataa aniambie kwa nini ukuta uruhusiwe na turubai likatazwe.

Dada, nikija Ijumaa baada ya swala utanionyesha visima vinaanzia wapi na kuishia wapi?

Dada wa Shela

Njoo. Uje na wale wenzako watatu, na gunia. Chini ya tuta la pili kuna chupa za plastiki tangu mwezi uliopita, na sikusema ni zenu.