Tupeane uzoefu: paka wako unamlisha nini, tangu ananyonya mpaka anazeeka?

Binti Chumbageni:
Wana Tanga mnaofuga paka, njooni. Nimekua nikijua paka hana makuu: mrushie kichwa cha kibua, mtilie maziwa kwenye kisahani, basi. Ramadhani iliyopita paka wa jirani aligongwa na bodaboda, akaacha vitoto vitatu nyuma ya banda letu la kuni, hata macho havijafungua. Nikavipa maziwa ya ng'ombe kwa kijiko, nimevilaza chali kama mtoto mchanga. Viwili havikuifikia siku ya nne: kimoja kilihara mpaka kikaisha, kingine kikawa kinakoroma kifuani. Wa tatu ndiye huyu Pilipili, ana miezi minne na pazia zangu zote kazichana. Nimechoka kubahatisha. Kila mtu aseme alivyofanya, kwa umri wa paka wake.

Mama Wawili, Mwanzange:
Pole mwanangu. Kule kukoroma ni maziwa yaliyoingia mapafuni. Paka hunyonya kalalia tumbo, si chali. Mimi hutumia bomba dogo la sindano, sindano nimeitoa, tone kwa tone. Na kabla ya kumpa mshike kwanza. Akiwa wa baridi usimpe kitu, mpashe joto kwa chupa ya maji moto iliyoviringishwa kanga, maana tumbo la baridi halisagi chakula. Kila saa mbili au tatu, mchana na usiku. Daku zote mwaka ule zilinikuta macho!

Jambo jingine ambalo nililijua nimeshapoteza mmoja, tumbo limejaa kama ngoma: kitoto hakiwezi kukojoa chenyewe. Ukishakilisha kipanguse huku chini kwa kitambaa cha uvuguvugu. Mama yake hufanya hivyo kwa ulimi. Halafu pima uzito. Mizani ya dukani ya kupimia viungo inatosha. Kinazaliwa na gramu 100 hivi, na kila siku kiongeze kama gramu 10. Kikikaa siku mbili palepale, ujue kuna jambo.

Ami Raskazone:
Nyinyi mnajitesa. Maziwa ya ng'ombe hayafai, sawa, mpeni ya mbuzi. Sisi tumefuga hivyo tangu utoto.

Mama Wawili, Mwanzange:
Shikamoo Ami. Ya mbuzi nayo yana sukari ileile inayowaharisha. Yapo maziwa maalumu ya vitoto vya paka, mimi niliagizia Dar. Lakini dawa hasa ni kupata paka mwingine anayenyonyesha. Safari ile nilipata mmoja Makorora. Nikavisugua vitoto kwa kile kitambaa anacholalia, akavinusa, akavilamba, yakaisha. Ila huyo mama alikula jamani, karibu mara tatu ya kawaida yake. Paka anayenyonyesha hapimiwi, mwachie sahani. Wiki ya nne vikaanza kulamba kuku aliyepondwa na supu yake, isiyo na kitunguu wala chumvi. Ya nane vikaacha ziwa.

Mtu wa Deep Sea:
Mimi nashinda pale samaki wanaposhushwa, kwa hiyo paka wangu alikula dagaa wabichi mwaka mzima, asubuhi na jioni. Siku moja nikamkuta shingo imelegea, kidevu kifuani, anayumba kama mlevi wa mnazi. Bibi akasema kakanyaga pabaya. Daktari wa mifugo akauliza swali moja tu: anakula nini? Akanieleza kuwa baadhi ya samaki wabichi, wakiwemo jamii ya hawahawa dagaa, wana kitu kinachoharibu vitamini B1, na moto ndio unaokimaliza. Akamchoma sindano za vitamini, na siku chache baadaye yuko juu ya bati.

Sasa nachemsha, na samaki ni mara mbili kwa wiki. Siku nyingine ni kuku: nyama, firigisi, ini kidogo, na moyo. Moyo una taurini, kirutubisho anachokihitaji paka. Paka hajitengenezei ya kumtosha, na akiikosa muda mrefu anaweza kupofuka, hata moyo ukachoka. Ugali na mchuzi utamshibisha tu.

Binti Chumbageni:
Na chakula cha mbwa? Jirani anacho gunia zima.

Mtu wa Deep Sea:
La. Hakina taurini ya kumtosha paka.

Wa Barabara ya 20:
Wangu anaitwa Sultani. Baada ya kuhasiwa akanenepa kama mto wa kulalia. Mahitaji yake yamepungua, sahani ni ileile, kumbe na nyumba tatu za mtaa zinamlisha, kila moja inamwita jina lake. Nikamfungia ndani nikamnyima. Kosa kubwa. Akasusa hata kile kidogo, siku ya nne masikio yamekuwa manjano. Paka mnene akikaa na njaa, mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini. Tulimlisha kwa bomba mwezi mzima. Mpunguze kidogokidogo, na zungumza na majirani kwanza.

Ami Raskazone:
Haya, mimi nina mzee wa miaka 13. Anakula vizuri ng'onda na papa mkavu, lakini anakonda, na maji anakunywa mpaka anafuata ndoo ya udhu.

Mama Wawili, Mwanzange:
Ami, huyo mpeleke kesho. Kwa umri huo, kunywa sana na kukonda huwa figo, wakati mwingine kisukari. Na mtazame meno.

Binti Chumbageni:
Nimempima Pilipili kwa mizani ya unga: kilo 1 na gramu 700. Unga wenyewe sasa una nyayo.

Ami Raskazone:
Nimetoka huko. Ni figo. Chumvi marufuku, chakula kiwe laini chenye majimaji, maji yasikauke bakulini. Toka adhuhuri amekaa chini ya kapu la papa ananitazama, nami kapu nimelitundika juu zaidi.