Ulinganisho: masomo ya mchana au ya jioni katika shule ya biashara, Nakawa?

Kijana_wa_Arua
Wapendwa, nimemaliza kidato cha sita na ninakusudia kusomea Shahada ya Biashara katika Shule ya Biashara ya Chuo Kikuu cha Makerere, kule Nakawa, Kampala. Shangazi yangu mwenye duka Kireka anataka nisome jioni ili mchana nimsaidie, ilhali binamu yangu anasisitiza kwamba asiyesoma mchana hajawa mwanafunzi. Ninawaomba mliopitia njia hizo mnilinganishie, hasa kuhusu kazi za vikundi.

Dada_wa_Hosteli
Mdogo wangu, mimi nilisoma mchana na ninakushauri ufanye hivyo. Anayesoma mchana anaweza kuishi hosteli, na huko ndiko nilikojifunza usimamizi wa fedha kabla mhadhiri hajautaja. Sisi wanne wa chumba kimoja tulikuwa na koti moja tu la heshima la kuvaa siku ya kuwasilisha kazi mbele ya darasa, kwa hiyo tuliliwekea ratiba mlangoni, na aliyechelewa kulirudisha aliwanunulia wenzake rolex, yaani chapati iliyoviringishiwa mayai. Fedha za matumizi zilipoingia kwenye simu mwanzoni mwa muhula, kila mmoja alizungumza kama mkurugenzi. Muhula ulipofika katikati, tulikaa kikao kuhusu ukwasi wa nusu kilo ya posho, yaani unga wa ugali.

Faida iliyo kubwa kuliko zote ni muda. Urari, yaani jedwali la kulinganisha jumla za leja, ukikataa kulingana, mnakesha nao mpaka ukubali. Usiku mmoja hesabu zetu zilitofautiana kwa shilingi 54,000, tukaanza kutazamana kwa shaka, hadi mwenzetu mmoja alipokumbuka kwamba tofauti inayogawanyika kwa 9 mara nyingi hutokana na tarakimu zilizobadilishana nafasi. Tulipopekua leja tulikuta 82,000 imeandikwa 28,000, na vigelegele tulivyopiga vilimleta mlinzi, akauliza ni nani aliyechumbiwa.

Keshia_Nakawa
Ninamheshimu dada aliyetangulia, lakini darasa la jioni lina utajiri ambao hosteli haiwezi kuutoa. Nilisoma nikiwa keshia, na waliokaa karibu nami walikuwa mwalimu wa msingi, karani wa forodha na mama mmoja anayeuza mitumba katika soko la Owino. Siku moja mhadhiri alieleza kwamba mauzo ya mkopo huhesabiwa kuwa mapato hata kabla mteja hajalipa. Yule mama alisimama kwa adabu, akamwomba aeleze jinsi mapato hayo yatakavyolipa kodi ya kibanda mwisho wa mwezi. Darasa lilicheka sana, na mhadhiri, kwa furaha ya wazi, aliacha somo alilokuwa ameliandaa, akatumia kipindi kilichobaki kutofautisha faida na fedha taslimu kwa kutumia kibanda hichohicho. Ninaamini hakuna hata mmoja wetu aliyelikosa swali hilo katika mtihani.

Uchovu upo, sitauficha. Mwalimu wetu alikuwa akisinzia tangu kipindi kinapoanza, ila neno «mtihani» likitamkwa, hata kwa sauti ya chini, aliamka akiwa ameshika kalamu. Kazi za vikundi tulizifanya kwa WhatsApp baada ya saa nne usiku, na kila kikundi kilikuwa na mtu ambaye mchango wake wote ni kuandika «nakubaliana nanyi».

Binti_wa_Jinja
Wa hosteli pia tulikuwa naye huyo. Alikubaliana nasi miaka mitatu.

Mzee_wa_Leja
Mwanangu, nimekuwa karibu na Nakawa tangu 1997, mwaka ambao kitivo cha biashara cha Makerere kiliunganishwa na chuo cha biashara kilichokuwapo hapo, na nimewaona wa mchana na wa jioni wakifaulu. Unalopaswa kulinganisha ni kile utakachoingia nacho darasani. Ukiwa na duka la shangazi, una bidhaa za kuhesabu, wadeni wa kufuatilia na, ikiwa limesajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18 ya kukokotoa. Vitu hivyo mwenzako wa mchana huvisoma kitabuni tu. Msongamano wa Barabara ya Jinja usikutishe kupita kiasi, kwa sababu jioni wengi wanatoka mjini kuelekea Mukono, nawe ukitoka Kireka utakuwa unaelekea upande wa mjini. Na mbona hukutaja tawi la Arua? Huko ungeishi nyumbani, na gharama ya chumba ingebaki mfukoni mwa wazazi.

Kijana_wa_Arua
Shikamoo mzee, na asanteni nyote. Tawi la Arua nilikuwa nimeliweka kando kwa sababu shangazi ndiye atakayenilipia ada. Ninaelekea kuchagua jioni, ila ninahofia wiki za mitihani, kwa kuwa duka halifungwi.

Keshia_Nakawa
Basi zungumza naye kabla ada haijalipwa, mdogo wangu. Mpe ratiba ya muhula, mkubaliane kwamba utaondoka dukani saa tisa alasiri kila siku ya masomo na kwamba wiki za mitihani atamweka mtu mwingine kaunta. Akikataa hilo la pili, chagua mchana, umsaidie Jumamosi.