7-6 ya kopa kwenye meza ya 1,000/2,000: inalipa au inakula hela tu?

Njiro_BlockC

Wakuu, salamu. Naomba mwongozo kuhusu karata ndogo za alama moja kwenye poka ya hela taslimu, sio mashindano. Tuchukue meza ya watu wanane hapa Arusha, blaindi (madau ya lazima ya viti viwili kabla ya kugawa, dogo na kubwa) 1,000/2,000, wengi wamekaa na 150,000 hadi 250,000. Wa kiti cha tatu anapandisha hadi 8,000, wawili wanafuata, wewe uko batani (kiti kinachocheza mwisho karata za mezani zikifunguliwa) na 7-6 ya kopa mkononi. Unafuata? Na kama aliyepandisha ana 60,000 tu, au wewe uko blaindi ndogo, jibu linabadilika?

Pasua_Moshi

Mkuu, hapo batani fuata, ila ujue unanunua nini. Flashi (karata tano za alama moja) iliyokamilika kwenye flopu (karata tatu za kwanza za mezani) haifiki hata mara 1 kwa 100 (asilimia 0.84). Kopa mbili zikatua, ukabaki unasubiri moja, ni kama asilimia 11. Ukijumlisha jozi mbili (karata zako zote mbili zikitumika), tatu za namba moja, streti (namba tano zinazofuatana), flashi na fulu (tatu za namba moja na jozi), unapata kitu cha maana mara 1 katika 18 hivi.

Kwa hiyo ile 8,000 mara nyingi inakwenda na hairudi. Kinachoirudisha ni hela iliyobaki mbele ya wenzako. Kipimo kinachofaa ni mara 20 ya unacholipa: 8,000 mara 20 ni 160,000, na unapima kwa mwenye hela chache kati yako na yeye. Wa 60,000 akishapandisha kabakiwa na 52,000. Hata akikupa yote ni mara 6.5 tu. Huyo mwachie, labda wale wawili waliofuata wawe wamekaa na 200,000 kila mmoja.

Blaindi ndogo unaongeza 7,000 badala ya 8,000, unafuu wa shilingi elfu moja, halafu unatangulia kucheza flopu, karata ya nne na ya tano. Ukicheki (ukipita bila kuweka dau) wanajua huna kitu, ukiweka dau hujui nani anakusubiri. Blaindi kubwa naye bado hajasema, anaweza kupandisha tena ukabaki umelipa bure. Pale 7-6 tupa.

Kijenge_Juu

Naongezea upande unaoumiza zaidi, maana flashi ndogo ikikamilika ndipo hela kubwa inapoondoka.

Tuseme mezani mwishoni kuna K, 9, 4 na 2, zote kopa, na karata moja ya alama nyingine. Wewe una 7-6 ya kopa. Kopa zilizobaki zinazokupiga ni tano: A, Q, J, 10 na 8. Mpinzani mmoja mwenye karata zozote ana nafasi ya asilimia 21 kushika walau moja. Wakiwa watatu inapita nusu, asilimia 53. Na hiyo ni hesabu ya karata za bahati tu. Watu wa meza zetu hawaachi A yenye mwenzake wa alama moja, kwa hiyo hali halisi ni mbaya kuliko hapo. Kopa ya nne ikitua, cheki. Dau dogo unaweza kulilipa, ila likija la poti nzima (hela zote zilizokwisha kuchezwa) kutoka kwa mtu asiyependa kudanganya, tupa bila kinyongo.

Ndiyo maana A-5 ya alama moja ina heshima: flashi yake hakuna ya kuipita, mezani pasipokuwa na jozi wala streti ya alama moja. Na hapa wengi wanachanganya. A-5 ni bora kuliko A-6 kwenye kazi hii, kwa sababu 5 inashirikiana na A kwenye streti ya A-2-3-4-5, wakati 6 haina streti yoyote inayokaa na A. J-10 mpaka 5-4 kila moja inaingia kwenye streti nne. 9-7 inaingia tatu, 9-6 mbili. K-4 ya shupaza haina hata moja. Kuwa alama moja kunakuongezea asilimia 2 hadi 4 tu za ushindi, hakuwezi kubeba karata mbovu.

Njiro_BlockC

Shukrani sana. Sasa flopu imeleta kopa mbili, aliyepandisha anaweka 20,000, wengine wawili wametupa. Nafuata?

Pasua_Moshi

Poti ilikuwa 35,000 (wanne mara 8,000, jumlisha blaindi 3,000). Na 20,000 zake ni 55,000. Kopa zako ni 9 kati ya karata 47 usizoziona, asilimia 19, yaani mara 4.22 unakosa kwa kila mara 1 unayopata. Kulipa 20,000 kunahitaji poti ya 84,400 (20,000 mara 4.22). Pungufu ni kama 29,400, na hiyo lazima aitoe baadaye, kwa wastani, kila kopa inapotua. Alianza na 200,000? Bado ana 172,000, fuata. Alianza na 60,000? Kabakiwa na 32,000, ingebidi akupe karibu yote kila mara, na wengi wakiona kopa ya tatu wanasimama. Tupa.

Flopu ikiwa 8 na 5 za kopa pamoja na K ya shupaza ni habari nyingine kabisa. Hapo una kopa 9 na streti kwa 4 au 9, jumla karata 15, asilimia 54 mpaka karata ya tano. Dhidi ya mwenye jozi ya K wewe ndiye uko mbele. Pandisha.

Rau_Madukani

Mimi natofautiana kidogo na hiyo "fuata" ya mwanzo. Angalieni makato. Kasino ikikata asilimia 5, poti ya 60,000 inatoa 3,000, blaindi kubwa moja na nusu. Ushindi mdogo mdogo wa 7-6 unaliwa na hayo. Wakiwa wawili tu kwenye poti naitupa hata batani. Wakiwa wanne wenye hela nyingi, sawa.

Kijenge_Juu

Hapo kwa wawili nakubaliana na wewe, mkuu. Ila J-10 nisingeitupa, yenyewe ikitua jozi ya juu inaweza kusimama peke yake.