Maelezo binafsi ya kazi na ya masta: andiko moja linatosha kote?

Binti_Kiboriloni

Habari za jioni wakuu. Nina maombi mawili yanayofungwa ndani ya wiki tatu, na yote yanadai maelezo binafsi. La kwanza ni nafasi ya afisa mradi wa maji kwenye shirika moja la Arusha. Wanataka ukurasa mmoja unaoonyesha namna mwombaji anavyokidhi vigezo, na tangazo lina vigezo saba. La pili ni masta ya uhandisi wa maji nje ya nchi, maneno yasiyozidi 1,000, na pembeni yake kuna ombi la ufadhili.

Nina shahada ya kemia, GPA 3.1, na miaka mitatu kwenye maabara ya maji hapa Moshi. Rasimu yangu inaanza hivi: "Tangu nikiwa mdogo nimekuwa na ndoto ya kuisaidia jamii yangu kupata maji safi na salama." Kijana wa stesheneri kanipa mfano wa andiko lililompatia mtu ufadhili, anasema nibadilishe majina tu.

Naomba kujua: naweza kutumia andiko moja kote? Nianzeje? Na hiyo GPA niitaje au ninyamaze?

Mdau wa Tengeru

Dada, huo mfano wa stesheneri uweke kando kwanza. Vyuo na wafadhili wengi hupitisha maandiko kwenye programu ya kulinganisha maandishi, na mifano inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp imeshatumwa na watu wengi kabla yako. Aya moja ikifanana na ya mtu mwingine, utatiliwa shaka kwa andiko zima, hata zile aya ulizoziandika kwa mkono wako.

Andiko moja halitoshi kote, kwa sababu wasomaji ni wawili na kila mmoja ana swali lake. Mwajiri ana karatasi ya alama mezani, vigezo vimepangwa, anatafuta ushahidi wa kila kimoja. Kamati ya masta ni wahadhiri. Wao wanajiuliza kama utayamudu masomo, kama una swali linalofaa kutafitiwa, na kama idarani kwao kuna mtu wa kukusimamia. Ukiwapelekea wahadhiri ukurasa wa vigezo wataona orodha ya kazi isiyo na wazo. Ukimpelekea mwajiri maswali ya utafiti ataona mtu anayekaribia kuondoka kwenda shule.

Sasa ufunguzi. Sentensi yako ni Kiswahili kizuri, ila haina mwenyewe. Toa neno "maji" weka "elimu", bado inasimama vilevile. Jaribu kila sentensi kwa kipimo hicho. Isipoyumba ukibadilisha fani, ifute.

Anza na tatizo unalolijua kwa kulishika. Wewe uko maabara ya maji kwenye ukanda wenye floraidi nyingi (yale madini yanayoharibu meno na mifupa yakizidi), kwa hiyo mali unayo tayari. Tazama mfano huu, usiunakili, uone umejengwaje:

"Chujio la mkaa wa mifupa hupunguza floraidi kwenye maji ya Arumeru, lakini mkaa ukishashiba mwenye nyumba hana njia ya kujua, kwa kuwa floraidi haina rangi wala ladha. Nataka kusoma namna ya kukadiria, kwa kila aina ya maji, ni lini mkaa ubadilishwe."

Sentensi mbili tu, na mhadhiri keshajua eneo lako, tatizo lako, kwamba kemia yake unaielewa, na swali unalokwenda nalo. Hukuhitaji kumwambia kwamba maji ni uhai. Wala huna haja ya kumfundisha kwamba WHO imeweka mwongozo wa miligramu 1.5 za floraidi kwa lita, analijua hilo. Taja kiwango pale tu unapokilinganisha na vipimo vyako.

Kwa maneno 1,000 mgawanyo unaofanya kazi ni kama 120 za tatizo, 450 za ulichokwisha kufanya, 280 za kwa nini programu ile, na zilizobaki ni za utakachofanya ukimaliza. Watu wengi hugeuza: 500 za utoto na shule ya msingi, 60 za programu. Ndiyo sababu kubwa ya maandiko kuangushwa hata pale vyeti vinapokuwa vizuri.

Kwenye zile 450 usirudie CV. CV imeshasema ulikuwa wapi na lini. Chagua kazi mbili, zikizidi sana tatu, ueleze ulivyofikiri. "Nilishiriki katika upimaji wa ubora wa maji" haisemi kitu. Sema ulipima nini, kwa kifaa gani (elektrodi ya floraidi au spektrofotometa), sampuli ngapi kwa wiki, nini kilikuwa kinaharibu majibu na ulikirekebishaje. Kama uligundua usomaji unapanda taratibu kwa sababu suluhisho sanifu (lile la kurekebishia kifaa) lilikuwa limekaa muda mrefu, hiyo ni sentensi ya dhahabu. Inaonyesha mtu anayelikagua jibu lake kabla ya kuliamini, na hicho ndicho msimamizi wa tasnifu anachokitafuta.

Aya ya "kwa nini kwenu" ndiyo wengi wanaichoka wakiwa wamefika katikati. Fungua ukurasa wa programu wa mwaka huu, si wa mwaka juzi. Chagua masomo mawili yanayoziba pengo unalolijua kwako. Kwa mtu wa kemia pengo huwa ni haidroliki (mwendo wa maji) au uundaji wa modeli. Kisha soma angalau makala moja ya mhadhiri wa pale, useme inagusana wapi na swali lako. Hakikisha bado yupo. Wahadhiri huhama na kustaafu huku majina yao yakibaki kwenye tovuti. Mwisho, weka jina la chuo kingine kwenye aya hiyo. Ikiendelea kuwa kweli, hujaiandika bado.

Kijenge Juu

Mdau kamaliza upande wa masta. Naongezea wa kazi.

Chukua tangazo, chora safu mbili. Kushoto andika vigezo saba kwa maneno yao wenyewe, kulia ushahidi wako. Pasipo na ushahidi, acha wazi kwanza. Ukiona safu ya kulia ina maneno kama "mchapakazi", "nina ari" na "naweza kufanya kazi kwenye mazingira magumu", hiyo si ushahidi, hata kama ni kweli.

Ukurasa mmoja kwa herufi za ukubwa wa 11 ni maneno 450 hadi 500. Ukitoa salamu na kufunga, kila kigezo kinabaki na maneno kama 60. Usigawe sawasawa lakini. Vigezo vya lazima vipe 80 au 90, vile vya "itakuwa faida" sentensi moja moja. Tumia maneno yaleyale ya tangazo: wakisema "usimamizi wa bajeti", usiandike "masuala ya fedha". Mchujo wa kwanza mara nyingi hufanywa na afisa utumishi ambaye si mtu wa maji, anaoanisha maneno.

Kila ushahidi uwe na vitu vinne: hali ilikuwaje, jukumu lako lilikuwa lipi, ulifanya nini, matokeo. Kosa la kawaida ni kuandika "tulifanya" kutoka juu hadi chini. Kwetu ni adabu kusema "tulifanya", lakini anayetoa alama hawezi kukupa alama za timu nzima. Andika "tulikuwa wanne, mimi niliandaa ratiba ya sampuli na kuandika ripoti". Hapo hujajikweza na hujajificha.

Tena, Arusha ina waajiri wa namna nyingi na utaratibu haufanani. Nafasi za Umoja wa Mataifa, kama zile za ofisi ya mahakama iliyorithi kazi za ICTR (mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda), huombwa kupitia mfumo wa Inspira. Kule fomu yenyewe ndiyo inayosomwa, kwa hiyo majukumu yako yajaze humo kikamilifu. Barua nzuri haiokoi fomu iliyojazwa nusu. Serikalini ni kinyume: kwenye Ajira Portal barua iwe fupi, rasmi, yenye anwani ya Katibu wa Sekretarieti ya Ajira, na iwe imesainiwa. Watu hukatwa kwa kuambatisha "result slip" badala ya cheti, au kwa barua isiyo na saini, huku wamekesha wakipamba aya za ndoto zao. Soma masharti ya tangazo hadi mstari wa mwisho.

Binti_Kiboriloni

Asanteni sana. Nimechora hizo safu mbili na kigezo cha bajeti kimebaki wazi kabisa. Nimewahi kuagiza kemikali za maabara tu. Na GPA bado sijapata jibu.

Kijenge Juu

Kuagiza kemikali ni bajeti, dada. Nani alikadiria kiasi? Nani aliomba nukuu za bei kwa wauzaji watatu? Nani alifuatilia akiba isiishe muda wake rafuni? Kama ni wewe, andika hivyo, na taja thamani ya manunuzi kwa mwaka kama mwajiri wako anaruhusu itajwe. Usiite "nilisimamia bajeti ya mradi", maana kwenye usaili watakuuliza swali la pili tu na utakwama.

Rau_Msituni

Kuhusu GPA. Popote unapoitaja andika "3.1 kati ya 5.0". Hili watu wanalipuuza na linaumiza. Marekani wanahesabu kwa 4.0, na msomaji akiona 3.1 peke yake ataisoma kwa kipimo chake, halafu akifungua transkripti ataona kama ulitaka kumdanganya. Kwetu 2.7 hadi 3.4 ni daraja la pili la chini. Litaje hilo daraja. Fomu ikidai kipimo cha 4, tafuta maelekezo ya chuo husika kabla ya kujibadilishia mwenyewe kwa kikokotoo cha mtandaoni.

Kuieleza kwenye andiko: sentensi mbili, tena katikati, baada ya kazi zako kuonekana. Ya kwanza itaje jambo, ya pili ionyeshe kilichobadilika. Kwa mfano, alama za mwaka wa tatu kwenye kemia ya uchambuzi na mradi wa utafiti zilipanda hadi B+ na A, kama ndivyo ilivyo. Usilaumu wahadhiri, na usitaje ugonjwa wa familia kama huna namna ya kuonyesha kwamba masomo yalirudi juu baadaye.

Mdau wa Tengeru

Hapo natofautiana na Rau kidogo. Kama 3.1 inavuka kiwango cha chini walichotangaza, mimi ningeyatumia maneno hayo 40 kwa kazi ya maabara. Ukianza kujitetea unamwonyesha msomaji pa kutazama. Mwache mdhamini aliseme: mhadhiri aliyesimamia mradi wako akiandika kwamba ulikuwa bora zaidi kwenye vitendo kuliko alama zinavyoonyesha, ina uzito kuliko wewe kujisemea.

Rau_Msituni

Nakubali kwa programu inayoruhusu barua za wadhamini. Kuna zinazoomba majina tu na hawapigiwi simu hadi mwisho. Huko asipojieleza yeye hakuna wa kumsemea. Dada, angalia fomu yako ni ya aina gani, ndipo uamue.

Na ufadhili usiuchanganye na andiko la chuo. Chevening ya Uingereza inauliza uongozi, kujenga mahusiano, masomo uliyochagua na mpango wa kazi, kila swali na nafasi yake. Pia inadai saa 2,800 za uzoefu wa kazi na urudi nyumbani angalau miaka miwili baada ya masomo. Kwa hiyo jibu la mpango wa kazi lisiloonyesha utakaa wapi Tanzania, na kwenye nafasi gani, limejikata lenyewe. DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, kwenye programu zao za EPOS (masomo ya juu yanayohusu maendeleo) wanataka barua ya motisha inayofungamana na kazi unayofanya sasa, isainiwe kwa mkono, na uwe na angalau miaka miwili ya uzoefu. Miaka yako mitatu inatosha kote, ila kwa Chevening kokotoa saa zenyewe: saa 40 kwa wiki kwa wiki 50 ni 2,000 kwa mwaka.

Kijenge Juu

Mambo ya mwisho kwenye utumaji, kwa kuwa una wiki tatu. Waandikie wadhamini leo, siyo wiki ya mwisho. Watumie tangazo, CV na rasimu, ili barua zao zisipingane na andiko lako kuhusu tarehe na majukumu. Rasimu mpe mtu wa fani yako akague ukweli, kisha mpe mtu asiye wa fani akuambie amechoka kusoma wapi. Akili mnemba itumie kukagua tahajia na Kiingereza tu. Ukiiachia iandike, itakurudishia ileile "ndoto tangu utotoni" kwa maneno makubwa zaidi, na usaili utafanywa kwa andiko ambalo hulijui.

Angalia pia kama kikomo ni cha maneno au cha herufi pamoja na nafasi. Visanduku vingine hukata maandishi kimyakimya yakizidi, kwa hiyo ukishabandika, soma hadi mstari wa mwisho humohumo kwenye fomu. Hifadhi PDF kwa jina lako na jina la nafasi, maana ukiwa na maombi mawili ni rahisi sana kutuma andiko la chuo kwa mwajiri. Na usisubiri saa ya mwisho; wengi hufungua mfumo usiku huohuo, na umeme wa Moshi unaujua. Halafu saa ya kufunga mara nyingi ni ya nchi yao, si ya Afrika Mashariki.